Mshahara wa Ugenini na Chungu cha Nyumbani

Katika wilaya yetu ya Rungwe si ajabu kusikia kwamba kijana wa jirani ameondoka. Gari la asubuhi humpeleka Kasumulu, avuke mto Songwe aingie Malawi. Au humpeleka Uyole hata Tunduma, aingie Zambia. Na wengi hawakomi huko, huendelea mpaka Johannesburg au Durban. Habari ya kwanza irudiyo nyumbani ni habari ya mshahara. Fedha ya kigeni hugeuzwa kuwa shilingi pale pale barazani, na kila asikiaye hushika mdomo. Lakini walichokigeuza ni mshahara tu, gharama hawakuigeuza. Mkate, chumba, na nauli ya kwenda kazini hulipwa huko huko kwa bei ya huko. Twataka kulieleza neno hili kwa kirefu kidogo, maana walimu wengi huulizwa na wazazi wa vijana, wakakosa la kujibu.

Safari hizi si mpya kwetu. Dhahabu ilipoonekana Lupa, upande wa Chunya, mwaka 1922, Wanyakyusa wengi walikwenda kufanya kazi huko katika miaka iliyofuata. Wapo pia waliopeleka mchele wa Kyela kuwauzia wachimbaji, na hao, kwa maoni yetu, hawakuwa wajinga hata kidogo. Kisha watu wakaenda Rodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, kwenye machimbo ya shaba ya Nkana, Mufulira na Luanshya. Wengine wakaandikwa na Wenela, chama kilichowatafutia watu wenye machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini, mpaka Serikali yetu ilipokomesha jambo hilo baada ya uhuru wa 1961. Walikuwa wakitafuta ng'ombe wa mahari, fedha ya kodi, na nguo.

Basi, wazee wale walitoa nini kwa chakula chao? Machimboni walitoa kidogo sana. Kampuni iliwapa posho ya unga, maharagwe na nyama, na mahali pa kulala kambini. Kijana aliporudi na sanduku lake, watu walihesabu vilivyomo sandukuni wakasema kazi ya ugenini ina faida. Hawakuhesabu chakula walichokula mke na watoto siku zote alizokuwa hayupo. Chakula hicho kilitoka wapi? Kilitoka katika migomba ya Rungwe na katika jembe la mwanamke. Kampuni ilimlisha mtu mmoja na kumlipa mtu mmoja, na jamaa yake ikalishwa na shamba ambalo kampuni haikulilipia hata senti moja. Hivyo ndivyo ujira ulivyoweza kuwa mdogo, na mtu asife njaa.

Wataalamu waliokaa kwetu waliliona jambo hili. Godfrey Wilson na mkewe Monica walichunguza maisha ya Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Baadaye Godfrey alikwenda Broken Hill, mji uitwao sasa Kabwe, akaandika hesabu za mapato na matumizi ya wafanya kazi. Kitabu chake kilitoka kwa sehemu mbili, mwaka 1941 na 1942. Aliona ya kuwa aliyekaa mjini pamoja na mke na watoto alipata taabu ya chakula, na tena ya kuwa sehemu kubwa ya fedha mkononi iliishia katika nguo. (Tusiwacheke. Nguo ilikuwa heshima ya mjini, na ndiyo zawadi iliyongojwa nyumbani.) Mwana wao, Francis Wilson, alitoa kitabu chake mwaka 1972 juu ya machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini. Alionyesha kwamba ujira wa mchimbaji Mwafrika, ukipimwa kwa vitu uwezavyo kununua, haukuwa mkubwa mwaka 1969 kuliko mwaka 1911. Miaka 58, baba na mwana na mjukuu, na mfuko ule ule!

Na mfuko ukiwa mwembamba hivyo, jambo dogo huupasua. Mwaka 1935 kodi ilipopandishwa kwa shilingi chache katika miji ya shaba, wafanya kazi waligoma, na watu sita wakauawa kwa risasi Luanshya.

Siku hizi aendaye Johannesburg kutafuta kibarua cha dukani, cha ujenzi au cha ulinzi hangojewi na posho wala kambi. Yote hujilipia mwenyewe. Tuhesabu pamoja. Mwezi Machi 2025 sheria ya Afrika Kusini iliweka ujira wa chini kuwa randi 28.79 kwa saa. Aliyefanya saa 45 kwa juma alipata kama randi 5,600 kwa mwezi. Mwaka huo huo kikundi cha uchunguzi cha Pietermaritzburg, kipimacho bei kila mwezi, kiliona kwamba kikapu cha chakula cha jamaa ya watu saba kilikuwa karibu randi 5,400. Twajua mtu mmoja hali chakula cha saba. Lakini huyo mtu mmoja hulipa pia chumba, nauli ya kila siku, maji na umeme; tena nyumbani kuna hao wengine sita.

Tena huo ni ujira wa sheria. Mtanzania aweza kuingia Afrika Kusini bila viza kwa muda wa siku 90, na wengi hudhani mlango umefunguliwa wazi. Kuingia ni kitu kimoja, na kibali cha kufanya kazi ni kitu kingine. Asiye na kibali akipunjwa huogopa kudai, na bwana wake anajua hayo. Hata fedha ikipatikana, kuipeleka kuna ada: mwaka 2023 kupeleka fedha kutoka Afrika Kusini kulikula, kwa wastani, zaidi ya randi 10 katika kila randi 100.

Iko na hesabu ya huku, nayo ndiyo isahauliwayo kuliko zote. Ng'ombe aliyeuzwa kwa nauli alikuwa akitoa maziwa. Chai haingoji; majani yakipita siku zake huwa magumu. Maparachichi yataka mtu wa kuyachuma, na kibarua wa kuyachuma ataka kulipwa. Gharama hizi huanza siku ile kijana apandapo gari, na mshahara wa kwanza bado hauonekani.

Kwa hiyo twawashauri walimu, mtu akija kuuliza, wampe karatasi kabla ya kumpa maneno. Upande mmoja yaandikwe ya huko: chumba, chakula, nauli, kibali, ada ya kupeleka fedha. Upande wa pili ya hapa: maziwa, vibarua, ada za watoto, deni la nauli. Bei za huko aulizwe aliyekaa huko mwaka huu, wala si yule aliyerudi zamani na sanduku. Na karatasi hiyo abaki nayo mama wa nyumba. Mwezi ukipita bila fedha atakuwa na kitu cha kutazama, aone ya kuwa chumba kililipwa tarehe moja na nauli kila siku. Na atakapopiga simu ataanza kwa kuuliza unga umefika bei gani.