Faustin Linyekula: Mtunzi wa dansi aliyerudi kufanya kazi nyumbani

BUNIA – Kijana wa mtaa wa Lumumba anayetaka kuishi kwa kucheza dansi hushauriwa aende Kinshasa, Kampala au Ulaya. Mkongomani mwenzake, Faustin Linyekula, aliwahi kuondoka. Lakini jina lilipoanza kukua, alirudi Kisangani.

Linyekula alizaliwa Ubundu mwaka 1974. Alifanya sanaa Nairobi, ambako mwaka 1997 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la Gàara pamoja na Mkenya Opiyo Okach. Mwaka 2001 alifungua Studios Kabako mjini Kinshasa, akakipa kituo hicho jina la rafiki yake marehemu. Miaka michache baadaye akakihamishia Kisangani, mji ambao majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigania kwa siku sita mwezi Juni 2000.

Linyekula hujiita mtoa hadithi, na hilo linaonekana katika namna anavyoongoza wacheza dansi. Hawaombi tu waige hatua zake. Kila mmoja huleta alichonacho: ndombolo, hip-hop, ngoma za ukoo, hata msiba wake. Katika "Sur les traces de Dinozord", wasanii wanakumbuka marafiki waliokufa, waliofungwa na waliokimbilia uhamishoni. Katika "more more more... future" ya mwaka 2009, gitaa la Flamme Kapaya linabeba maneno ya Antoine Vumilia, aliyeyaandika akiwa gerezani.

Kazi hizo zimefika kwenye majukwaa makubwa ya Ulaya na Marekani, na mwaka 2007 Linyekula alipata tuzo kuu ya Prince Claus ya Uholanzi. Hata hivyo, kituo kimebaki Kisangani, kikiwapa vijana mafunzo na nafasi ya kutengeneza dansi, tamthilia, muziki na filamu. Katika wilaya ya Lubunga, ng'ambo ya mto, kimejishughulisha hata na maji safi ya kunywa, kwa imani kwamba msanii hawezi kuwapa kisogo majirani zake.

Bunia nayo ina makovu ya vita vile vile, na Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Kwa vijana wa Lumumba, mfano wa Kisangani una maana ya karibu: unaonyesha kwamba dansi inaweza kutengenezwa katika mji ulioumia, na wenyeji wake wakawa watazamaji wa kwanza.