Laptopu ya zamani, Linux na gemu: kwa nini wengi Morogoro wanajaribu kisha wanarudi Windows

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo bado zinawaka kama kawaida, lakini hazipokei tena marekebisho ya usalama, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye nyongeza ya mwaka mmoja inayoishia Oktoba 2026.

Kwa mji wa vyuo kama Morogoro, habari hii inagusa mifuko ya watu. Kuanzia Mazimbu hadi Mzumbe, mwanafunzi akipata bumu hununua laptopu iliyotumika: Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad iliyokwisha kufanya kazi miaka kadhaa kwenye ofisi za ughaibuni kabla ya kufika Kariakoo na kupanda basi hadi Msamvu. Nyingi zilitengenezwa kabla ya 2018. Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele (au ya AMD ya umri unaokaribiana na huo) pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, kwa hiyo laptopu nyingi za aina hiyo hazikubaliki rasmi, hata kama ni nzima kabisa.

Ndiyo maana swali hili linarudi mara kwa mara kipindini: je, nihamie Linux? Na nyuma yake huja swali la pili, ambalo wengi huliuliza kwa aibu kidogo: nikihamia, gemu zangu zitacheza?

Swali la pili lisichekwe. Laptopu ya hosteli ni daftari, ni televisheni, na jioni ni uwanja wa mpira wa chumba kizima. Nyumbani ni hivyo hivyo: baba anaandika barua asubuhi, watoto wanacheza usiku. Mfumo unaoweza kuandika barua tu utaondolewa ndani ya wiki moja, hata kama ni salama kiasi gani.

Tayari unayo mfukoni

Linux ni kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu inayosimamia prosesa, kumbukumbu na vifaa vyote vya kompyuta. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Juu ya kiini hicho watu wamejenga mifumo kamili kama Debian, Linux Mint na Ubuntu. Huyo Ubuntu alizaliwa mwaka 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake halihitaji mkalimani kwa Mswahili: ni utu.

Simu yoyote ya Android inatumia kiini cha Linux. Tangu Novemba 2017, kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, zote zinatumia Linux. Lakini kwenye kompyuta ya mezani na laptopu hali ni tofauti kabisa. Kwa hesabu za Statcounter, ilikuwa mwaka 2024 tu ambapo Linux ilivuka asilimia 4 ya kompyuta hizo duniani.

Tanzania haikukaa pembeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na kampuni ya Kiswidi IT+46 kiliendesha mradi wa Kilinux, uliolenga kuzifanya programu huria ziongee Kiswahili. Desemba 2004 ulitoka Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi kwa Kiswahili. Ilibidi watu wakae chini waamue "faili", "hariri" na "hifadhi" viitweje, na sehemu ya maneno tunayoyaona leo kwenye simu ilipitia kwenye mijadala ya namna hiyo. Mrithi wa OpenOffice, LibreOffice, bado anayo sehemu ya Kiswahili. Tatizo ni kwamba tafsiri za mifumo yenyewe hazikukamilishwa, hivyo ukichagua Kiswahili leo utakutana na sentensi nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na wengi hurudi kwenye Kiingereza siku hiyo hiyo.

Gemu inakataaje?

Gemu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows huzungumza lugha ya Windows. Inapotaka kuchora mchezaji akipiga mpira, inatuma maagizo kupitia mfumo uitwao DirectX, ambao ni mali ya Microsoft. Linux haina DirectX. Ni kama mgeni aliyefika Soko la Chifu Kingalu akiagiza ndizi kwa lugha asiyoijua muuzaji yeyote. Ndizi zipo, pesa ipo, biashara haifanyiki.

Suluhisho ni mkalimani. Wa kwanza, Wine, alianza mwaka 1993 na hadi leo anapokea maagizo ya Windows na kuyageuza yaeleweke na Linux. Kwa miaka mingi alikuwa wa kubahatisha: gemu hii inafunguka, ile inatoa skrini nyeusi. Mambo yalibadilika Agosti 2018, kampuni ya Valve, wenye duka la gemu la Steam, walipotoa Proton. Hiyo ni Wine iliyoongezewa nguvu, ikiwa na kipande kiitwacho DXVK kinachogeuza DirectX kuwa Vulkan, lugha ya picha iliyo wazi kwa mifumo yote. Mwaka 2022 Valve wakauza kifaa chao cha mkononi, Steam Deck, kinachotumia Linux, na maelfu ya gemu za Windows yakawa yanacheza humo bila mchezaji kujua kuna ukalimani unaoendelea.

Ukisoma habari hizo mtandaoni utadhani tatizo limekwisha. Kwa Steam Deck, karibu limekwisha. Kwa laptopu ya Kihonda bado, na hapa ndipo maelezo mengi ya wataalamu wa nje yanapotuacha njiani.

DXVK tangu toleo la 2.0 la Novemba 2022 inadai Vulkan 1.3. Grafiki za Intel za kizazi cha tatu na cha nne, yaani laptopu za mwaka 2012 na 2013 ambazo zimejaa mitaani kwetu, hazifikii kiwango hicho. Kwa hiyo teknolojia iliyokuja kuokoa gemu kwenye Linux inaziruka mashine ambazo ndizo zinazohitaji Linux zaidi. Mstari unapita kwenye kizazi cha sita, cha mwaka 2015 hivi. Ukitaka kujua yako, angalia namba ya prosesa: i5-3320M ni kizazi cha tatu, i5-6300U ni cha sita. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayosema.

Gemu za zamani zina nafuu. GTA San Andreas au PES 2013 zinatumia DirectX 9, na Wine anaweza kuzikalimani kwa njia ya kale ya OpenGL ambayo hata kizazi cha tatu kinaiweza. Mara nyingi zinacheza vizuri. Kikwazo kinakuja pale nakala yenyewe inapokuwa ya kuwekewa kwenye flashi kibandani, iliyovunjwa ulinzi na kufungwa upya na mtu asiyejulikana. Nakala hizo ni uvunjaji wa Sheria ya Hakimiliki ya 1999, hilo liko wazi, na zaidi ya hapo kisakinishi chake hukwama kwenye Wine bila kutoa maelezo yoyote.

Kuna ukuta mwingine ambao hata mashine mpya haiuruki. Gemu za mtandaoni huja na askari wa kuzuia udanganyifu, programu inayoingia ndani kabisa ya mfumo kuchunguza kama mchezaji anatumia hila. Askari wengi wameandikwa kwa Windows tu, na wenye gemu wanaona Linux ina uwazi mno wa kuaminika. Valorant na Fortnite hazichezi. Apex Legends ilikuwa inacheza, ikafungiwa mwaka 2024. Kwa wapenda soka ubaya ni kwamba EA waliweka askari wao kuanzia FIFA 23, na matoleo ya EA Sports FC yaliyofuata hayafunguki kwenye Linux. Hapa fundi hana la kufanya, maana mlango umefungwa na mwenye nyumba.

Kwa upande wa pili, vijana wengi wanacheza soka kwenye simu kwa kutumia PPSSPP, ile programu inayoigiza PSP. Wachache wanajua kwamba PPSSPP yenyewe ni programu huria, iliyotolewa mwaka 2012, na inafanya kazi kwenye Linux vizuri, hata kwenye laptopu dhaifu. Aliyezoea kucheza nayo kwenye Tecno akiunganisha padi kwenye laptopu hatapoteza kitu. SuperTuxKart, mbio za magari za bure kabisa, inawatosha watoto wa nyumbani.

Fundi, bando na steshenari

Ughaibuni, Linux husifiwa kwanza kwa kuwa ni bure. Kwetu sifa hiyo haina uzito, kwa sababu karibu hakuna anayelipia Windows. Unampelekea fundi, "anapiga windo" kutoka kwenye flashi yake, unamlipa kazi ya mikono, mnaachana. Fundi huyo anaijua Windows kwa moyo. Ukimletea Ubuntu iliyogoma Wi-Fi, jambo linalotokea hasa kwa kadi za Broadcom, atafanya analolijua: atafuta kila kitu na kurudisha Windows. Simlaumu, anauza muda wake. Lakini naamini hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya Linux kutoenea mjini kwetu, kubwa kuliko hata gemu.

Bando nalo lina sehemu yake. Faili la Linux Mint la kusakinishia lina karibu GB 3, na mfumo umejengwa kwa dhana kwamba intaneti ipo muda wote: ukitaka programu unaivuta kutoka kwenye seva, nayo inavuta wenzake inaowategemea. Mwalimu aliyeko Mgeta au Kinole, ambako milima ya Uluguru yenyewe inakinga mawimbi ya simu, amezoea kubeba programu kwenye flashi. Njia ya kubeba ipo kwenye Linux pia, ila inahitaji mtu wa kukuandalia kabla hujapanda mlima. Kule Karatu, shirika la Powering Potential limeweka shuleni kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia Linux na umeme wa jua, zikiwa na maktaba ya RACHEL inayosomeka bila intaneti. Mfano huo unaonyesha Linux inafaa mlimani, sharti mzigo wote upandishwe siku ya kwanza.

Faida halisi kwa mwanafunzi ninaiona kwingine. Kila anayepeleka flashi steshenari kuchapa anakijua kirusi kinachogeuza mafaili yote kuwa njia za mkato. Kirusi hicho kimeandikwa kwa Windows. Kwenye Linux hakiamki. Tasnifu ya miezi minane ikikaa kwenye mashine isiyopokea marekebisho ya usalama, huku flashi ikizunguka mji mzima, hiyo ni kamari ambayo sioni kama gemu inaweza kuifidia.

Kazi zenyewe je? R, QGIS na Zotero, zinazotumiwa sana na wanaofanya utafiti, zinapatikana. Photoshop haipo. Sisi wa redio tunakosa Adobe Audition, lakini Audacity inakata sauti bila shida. Hati za Word zinafunguka kwenye LibreOffice, ila majedwali na mipangilio ya kurasa huweza kuhama kidogo, na msimamizi wa tasnifu hatafurahi. Ukipeleka kuchapa, hifadhi kwanza kama PDF.

Kabla ya kuamua

Linux inaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Washa laptopu huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP, kisha chagua flashi. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na usingizi wa kufunga kifuniko. Vikikubali vyote humo, vitakubali na baadaye. Kwa mashine yenye RAM ya GB 4 chukua Mint ya Xfce au Lubuntu; matoleo ya kupendeza macho yatakuchosha.

Mwenye prosesa ya kizazi cha sita au zaidi asiyecheza gemu za mtandaoni hana cha kuogopa. Mwenye mashine ya zamani zaidi anayeishi kwa PES aiachie Windows sehemu ya diski kwa ajili ya mpira tu, bila kuiunganisha na intaneti, na Linux ichukue masomo na benki. Windows isakinishwe kwanza, Linux ifuate, kwani ukizigeuza Windows huificha Linux wakati wa kuwasha. Na kabla fundi hajagusa chochote, nakala ya kazi zako iwe kwenye diski nyingine, iliyo mkononi mwako na si mezani kwake.