Ukiandika "Swahili", wakusudia nani?

Kiingereza humwita mtu "Arab", lugha yake "Arabic", na farasi wa Kiarabu "Arabian". Kila neno na pahali pake. Ukiandika "Arabic man" umekosea.

Na sisi je? Lugha yetu hutenganisha vyema: Mswahili ni mtu, Kiswahili ni lugha, Uswahili ni mila na mwenendo wetu. Kiingereza huvua viambishi vyote, likabaki "Swahili" tupu. Msomaji wa mbali hudhani ni lugha tu, watu wasionekane. Kisha twaulizwa: kwani Waswahili ni kina nani?

Vijana wetu mnaoandika Kiingereza, tafadhali bainisheni: watu ni "Swahili people", lugha ni "Swahili language" au Kiswahili. Mwenye jina ndiye mlinzi wake.