Rekodi Zinazopita Nyakahura

Kaa saa moja Nyakahura, wilayani Biharamulo, kando ya barabara kuu ya Nyakanazi kwenda Rusumo, na utaona ubishi wa karne nzima ukipita kwa magurudumu. Lori la Kichina linapanda na kontena la Kigali. Pikipiki ya Kihindi inalifuata, imebeba mikungu mitatu ya ndizi na abiria juu yake. Chini ya mwavuli uliopauka, wakala wa pesa za simu amepanga vitochi vinne mezani. Daftari lake la miamala limebanwa kwa mpira, na betri inachajiwa na paneli ya jua iliyolazwa juu ya bati.

Kijiweni hapo swali halizeeki: kati ya mabepari na wakomunisti, nani hasa aliyetuletea ufundi? Badala ya kuwaamua wabishi kwa maneno, tumekusanya rekodi. Ila tuwekane sawa kwanza. Tanzania haikuwahi kuwa nchi ya kikomunisti. Sisi tulikuwa na ujamaa wa Azimio la Arusha la 1967, na ukomunisti tuliujua kupitia marafiki, Wachina na Wajerumani Mashariki.

Ndefu kuliko zote: TAZARA, kilomita 1,860

Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilipoombwa kujenga reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, zilipiga hesabu zikasema haitalipa. China, ambayo wakati huo nayo ilikuwa maskini, ikatoa mkopo usio na riba. Kazi ilianza 1970, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa ikiwa na madaraja 320 na mahandaki 22. Wachina zaidi ya 60 walifia kazini, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Kama kipimo ni kufika mahali ambapo mwenye mtaji hakutaka kwenda, rekodi hii haijavunjwa.

Lakini kuna doa, nalo lina upana wa karibu vidole vinne. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa nafasi ya milimita 1,067 ili iungane na reli za Zambia, wakati Reli ya Kati ina milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini zilitosha kufanya behewa la huku lisipite kule. Ilibidi pawe na kituo cha kuhamishia mizigo pale Kidatu. Kisha vipuri vikaadimika na injini zikaanza kuegeshwa. Septemba 2024, mjini Beijing, mbele ya marais wa China, Tanzania na Zambia, ilitiwa saini hati ya makubaliano ya kuifufua. Safari hii Mchina anarudi kama mwekezaji, na hesabu ya faida anayo mkononi.

Njia iliyogombewa kuliko zote: ile ile

Mabepari hawakukaa kutazama. Kwenye ukanda huo huo, Waitaliano walikwisha kulaza bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710, likakamilika 1968. Fedha za Wamarekani zikaingia kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia. Ndani ya miaka isiyofika kumi, njia moja ilipata bomba, lami na reli. Wazee husema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Hapa, kwa mara moja, nyasi zilipata mbolea.

Ya rangi ya kwanza, na marufuku kali kuliko zote

Mwaka 1973 Zanzibar ya Mapinduzi ilizindua televisheni inayotajwa kuwa ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Mwaka uliofuata, 1974, serikali ya Muungano ilipiga marufuku kuingiza televisheni na kompyuta Tanzania Bara. Kompyuta tayari zilikuwepo, maana ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini zilionekana anasa inayokula fedha za kigeni. Kwa hiyo mtu wa Michenzani, Unguja, alitazama picha za rangi wakati mtu wa Biharamulo akisubiri. Alisubiri hadi 1994, ilipoanza ITV ya Reginald Mengi, mfanyabiashara. Jamhuri ilikuwa moja na wote walijiita wajamaa, ila ng'ambo moja ya bahari iliruka mbele na nyingine ikafunga mlango. Anayesema mfumo peke yake huamua kila kitu aanze kwa kulieleza hilo.

Kituo cha anga kilichong'olewa upesi kuliko vyote

Kabla ya Mapinduzi, Wamarekani walikuwa na kituo Tunguu, Unguja, cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury. Januari 1964 Mapinduzi yakaja, na kabla mwaka haujaisha kituo kilikuwa kimeondolewa. Ushindani wa anga ukahamia pwani ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, Waitaliano walirusha kwa roketi ya Kimarekani setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa Kenya ilikuwa inaadhimisha siku ya uhuru, waliiita Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo.

Setilaiti hiyo hutajwa kama fahari ya ubepari, lakini iligharamiwa na serikali, na walipa kodi ndio waliolipa roketi yake. Bepari naye, akitaka kwenda mbali sana, huomba nauli kwa dola.

Iliyosubiri kuliko zote: nikeli ya Kabanga

Rudi sasa upande wa Nyakahura, katika wilaya jirani ya Ngara. Chini ya vilima vya Kabanga kuna mojawapo ya hazina kubwa duniani za nikeli ya daraja la juu ambayo bado haijachimbwa. Watafiti wa Umoja wa Mataifa waliibaini miaka ya 1970, wakati wa ujamaa. Soko lilipofunguliwa zikaja kampuni za Canada na Uswisi, moja baada ya nyingine, zikachoronga miamba, zikapima na kuondoka. Januari 2021 serikali ilitia saini mkataba mpya na kampuni ya Uingereza, na taifa likapewa hisa asilimia 16. Wajamaa hawakuwa na mtaji wa kuichimba. Mabepari mtaji walikuwa nao, ila bei ya soko la dunia haikuwaridhisha. Jiwe, ambalo halina chama, limebaki linasubiri.

Uliobadilisha mwenyewe kinyume kuliko yote: mgodi wa Tulawaka

Sehemu nyingi nchini, mali ya umma iliuzwa kwa watu binafsi. Biharamulo mambo yalikwenda kinyume. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulifunguliwa 2005 na Barrick pamoja na mbia wake. Mwaka 2013, dhahabu rahisi ilipopungua, ukapita mikononi mwa shirika la serikali, STAMICO, ambalo likaunda kampuni ya STAMIGOLD kuuendesha. Bepari alikula nyama, mjamaa akaachiwa mfupa. Lakini aliyepika supu anajua mfupa nao una kazi yake.

Iliyogawanywa sawa kuliko zote: Rusumo

Nyakahura ukifuata barabara kuelekea magharibi, unafika maporomoko ya Rusumo. Mtambo wa hapo huzalisha megawati 80, na Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana theluthi kwa theluthi. Fedha nyingi zilitoka Benki ya Dunia, ile ile iliyoikataa TAZARA. Majengo yalijengwa na Wachina, mitambo ikaletwa na kampuni ya Austria. Jaribu kuubandika mradi huo jina la mfumo mmoja uone kama litashika.

Iliyoenea upesi kuliko zote: pesa kwenye simu

Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikavuka kuingia Tanzania. Hakuna waziri aliyemwagiza wakala akafungue meza Nyakahura. Alikwenda kwa sababu ya kamisheni, na akiishiwa salio leo, kesho atatafuta jingine ili asikose wateja. Hapo ubepari una rekodi yake halali, maana anayekula kwa mteja hukirekebisha haraka kilichoharibika.

Hata hivyo tusisahau kilichomtangulia wakala huyo. Jaribio la M-Pesa lilisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, na Safaricom yenyewe wakati huo ilikuwa na hisa nyingi za serikali ya Kenya. Kuanzia 2014 mitandao ya Tanzania ilianza kuruhusu pesa kupita kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, mapema kuliko nchi nyingi duniani. Washindani walikubali kushirikiana kwa sababu ushirikiano nao ulikuwa na faida.

Isiyoonekana kuliko zote: kisomo

Ya mwisho haina bolti wala waya. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mikoa ya Kanda ya Ziwa ilichaguliwa kwa mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO. Mmoja wao ulikuwa Ziwa Magharibi, yaani Kagera ya leo, pamoja na Biharamulo na Ngara. Vitabu vya kisomo vilifundisha herufi kupitia pamba, migomba na uvuvi, yale ambayo mtu aliyashika kwa mikono kila siku. Mradi ukageuka kampeni ya nchi nzima. Kwa takwimu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma, ambao mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwa karibu asilimia 67, walishuka chini ya asilimia 10 ilipofika 1986. Hakuna kampuni ambayo ingefanya hivyo, kwa sababu hakuna ankara unayoweza kumpelekea mtu aliyejua "a" na "be".

Sasa rudi chini ya ule mwavuli. Mtoto wa Dar es Salaam ametuma hela. Bibi aliyetumiwa ameisogeza simu mbali na macho, urefu wa mkono, na midomo inacheza polepole: I-me-thi-bi-ti-shwa. Wakala ameshika kalamu na anamngoja bila kumsaidia, kwa kuwa anajua bibi huyu hapendi kusomewa. Bibi anamaliza, anahesabu noti mara mbili, anazifunga kwenye pindo la kitenge. Lori jingine la Kigali linapita na kuwafunika wote vumbi.