Kulisoma Ganda la Risasi: Utangulizi kwa Anayeanza

Kutoka Beni hadi Kanyabayonga, mashariki mwa Kongo, neno masasi limebeba vitu vinne kwa mpigo, na tunaelewana vizuri tu. Lakini anayetaka kuijua elimu hii ya risasi hana budi kuvitenganisha. Risasi nzima ina ganda, yaani kopo la shaba linaloshika vingine vyote. Kitakoni mwa ganda kuna fataki, kidude kinacholipuka kikigongwa na pini ya bunduki. Moto wake huwasha baruti iliyomo ndani, na gesi ya baruti husukuma kichwa. Kichwa peke yake ndicho kinachoruka. Ganda hubaki na mpigaji.

Sasa nambari. Ukisoma 7×57, ya kwanza ni kipenyo cha tundu la mtutu kwa milimita, ya pili ni urefu wa ganda. Waingereza na Wamarekani wao hupima kwa inchi: .303 ni sehemu 303 za inchi iliyogawanywa mara 1,000, karibu milimita 7.7. Hapa wanafunzi wengi hukwama, nami siwalaumu. Risasi ya Kalashnikov, ambayo nchi yetu imeijua kwa uchungu, ni 7.62×39. Ile ya majeshi ya NATO ni 7.62×51. Nambari ya kwanza ni moja, ila maganda hayafanani hata kidogo, na kila bunduki imechongewa ganda lake. Usiridhike kamwe na nusu ya jina.

Kaliba 12, bunduki ya mwindaji wa funo msituni, ina hesabu nyingine kabisa. Ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa kuwa tufe 12 zilizo sawa, tufe moja huenea kwenye mtutu wake. Ndiyo maana kaliba 16 ni nyembamba kuliko kaliba 12. Bunduki hii hurusha marisau, chembe nyingi kwa pamoja, na haifiki mbali.

Ukishayajua hayo, utaelewa kwa nini wapigaji hubadili mapenzi yao kila kizazi. Zamani za baruti nyeusi, aliyetaka nguvu aliongeza unene: askari wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji hapa Kongo walibeba bunduki ya Albini ya milimita 11. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyo na moshi, yenye nguvu kubwa kuliko ile nyeusi. Kichwa chembamba kikaweza kwenda kasi isiyojulikana kabla. Ubelgiji ikachukua Mauser ya 7.65 mwaka 1889, na kiwanda cha FN cha Herstal kikaanzishwa mwaka huo huo ili kuitengeneza.

Wawindaji waligawanyika. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja na katika eneo la Lado, aliua zaidi ya 1,000, wengi wao kwa 7×57, risasi ambayo wenzake waliiona ya swala. Alisoma fuvu la tembo mpaka akajua ubongo ulipo. Mimi namhesabu mwalimu wa shabaha, ingawa idadi ile inanisikitisha. Wengi hawakuwa na mkono wake, wakatafuta njia ya kati. Mwaka 1905 Otto Bock wa Berlin alibuni 9.3×62 kwa ajili ya walowezi wa makoloni ya Wajerumani, ile iliyoitwa baadaye Tanganyika ikiwamo. Mwaka 1912 Waingereza wakaleta .375 ya Holland & Holland. Hii ya pili bado inaheshimiwa na wawindaji wa nyati hadi leo.

Walenga shabaha wana swali jingine: upepo. Kichwa kirefu na chembamba hukata hewa vizuri, na upepo haukipotoshi sana. Kwa sababu hiyo 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na Hornady mwaka 2007, imependwa upesi, tena teke lake begani ni jepesi. Hata hivyo mwenye kuanza namshauri .22 Long Rifle ya mwaka 1887, ambayo bado hutumika Olimpiki kwa shabaha ya mita 50. Haitishi, haina gharama kubwa, na inafunua kila kosa la mkono.

Kwetu Lubero tunapakana na Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambamo uwindaji ni marufuku. Nje yake, sheria ya Kongo ya tarehe 28 Mei 1982 inamtaka mwindaji awe na kibali. Jambo moja nakuomba kabla hujafungua sura ya kwanza. Ukilima ukakuta risasi ambayo kichwa chake bado kimekaa kwenye ganda, baruti yake huenda ingali hai, hata kama kutu imeila. Usiigonge, usiitupe motoni, usimwachie mtoto. Weka alama mahali hapo, umwite chifu.