Binti wa Morisi na Fulana ya Njano

Yeyote aliyepata kusukuma baisikeli yenye mikungu ya ndizi kwenda soko la Kiwira anajua ugumu wa mlima. Kushuka ni raha na hofu pamoja, kupanda ni kuteremka na kusukuma kwa mabega. Leo nataka kuwaeleza habari za mwanamke wa Afrika ambaye milima na baisikeli ndiyo kazi yake, nayo humpatia mshahara kama shule impatiavyo mwalimu.

Jina lake ni Kim Le Court. Alizaliwa tarehe 23 Machi 1996 huko Curepipe, mji wa kisiwa cha Morisi, katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Kisiwa hicho si kikubwa: eneo lake lakaribia lile la wilaya yetu ya Rungwe pamoja na Busokelo. Tena ni mbali sana na Ulaya, ambako mbio kubwa za baisikeli za barabarani hufanyika. Akiwa bado kijana alikwenda huko kujaribu bahati yake, lakini hakudumu. Alirudi Afrika, akaendelea na mbio za milimani, za njia za mawe na vumbi. Mwaka 2023 alishinda mbio ya Cape Epic ya Afrika ya Kusini upande wa wanawake. Mbio hiyo huchukua siku nane, na washindani huenda wawili wawili; mwenzake alikuwa Vera Looser wa Namibia.

Hapo alikuwa na miaka 27. Wengi wangesema, basi, yatosha. Yeye alirudi Ulaya. Mwaka 2024 aliandikwa katika timu ya AG Insurance-Soudal ya Ubelgiji, na mwezi Julai mwaka ule ule akashinda siku ya mwisho ya mzunguko wa Italia, katika mji wa L'Aquila. Mwezi uliofuata alikuwa Paris katika michezo ya Olimpiki, akiiwakilisha nchi yake.

Hapa yafaa nieleze jambo moja, maana wengi hudhani mbio ya baisikeli ni kila mtu na miguu yake. Sivyo. Adui mkubwa wa mwendesha baisikeli penye tambarare ni upepo. Anayetangulia huupasua, naye aliye nyuma yake karibu kabisa hupata nafuu kubwa. Kwa hiyo timu huwa na watu ambao kazi yao ni kutangulia, kukata upepo, kurudi kwenye gari kuchukua chupa za maji na kumletea mwenzao. Mmoja huvuka mstari mikono juu, picha yake ikatolewa magazetini, lakini sita wengine wamemfikisha pale. Le Court naye amewafanyia wengine kazi hiyo.

Na mshahara? Hapo zamani wanawake wengi katika mchezo huu walikimbia kwa fedha za kubahatisha. Mwaka 1984 Marianne Martin wa Marekani alishinda mzunguko wa Ufaransa wa wanawake, akapewa kama dola 1,000 hivi, hali mshindi wa wanaume mwaka ule alipata zaidi ya dola 100,000. Ilikuwa mwaka 2020 tu ambapo chama cha baisikeli cha dunia kilizilazimisha timu kubwa za wanawake kulipa mshahara usiopungua euro 15,000 kwa mwaka, na kufika 2023 kiwango hicho kilikuwa euro 32,102. Lakini usawa haujafika kila mahali. Mzunguko wa Ufaransa wa wanawake ulipofufuliwa mwaka 2022, mshindi alipewa euro 50,000, naye mwanamume euro 500,000. Mimi naona bila mshahara ule wa kudumu, mtu wa Morisi asingeweza kukaa Ubelgiji hata msimu mmoja, awe na miguu ya chuma.

Sasa tuje mwaka 2025. Tarehe 27 Aprili ilikimbiwa mbio ya Liège-Bastogne-Liège, mojawapo ya mbio za siku moja zenye sifa kubwa na historia ndefu. Wanawake walikwenda kilomita 153, zaidi ya mwendo wa kutoka Mbeya mjini kupitia hapa Tukuyu mpaka Kyela, tena kwa vilima visivyokwisha. Mwishoni walibaki wanne mbele. Le Court aliwashinda Puck Pieterse na Demi Vollering wa Uholanzi na Cédrine Kerbaol wa Ufaransa, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda mbio za daraja hilo.

Mwezi Julai ukaja mzunguko wa Ufaransa wenyewe, siku tisa. Anayeongoza kwa jumla ya muda huvaa fulana ya njano. Siku ya pili, huko Quimper, fulana hiyo ilivishwa Mwafrika mwanamke kwa mara ya kwanza. Siku ya tatu alinyang'anywa na Marianne Vos, mkongwe wa Uholanzi. Siku ya tano, tarehe 30 Julai, Le Court alishinda mbio ya siku ile katika mji wa Guéret, akaichukua tena.

Siku ya saba, wakishuka mlima wa Granier, alianguka. Aliyewahi kuteremka na baisikeli barabara yetu ikiwa na utelezi wa mvua ajua kinachofuata: ngozi huchubuka, na moyo hukataa kwenda kasi tena. Yeye aliinuka, akawafukuza wenzake akawafikia, na jioni ile fulana ilikuwa bado mwilini mwake. Ilimtoka kesho yake juu ya mlima wa Madeleine, alikoshinda Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa, ambaye ndiye aliyechukua mzunguko mzima. Wa pili mlimani pale alikuwa Sarah Gigante wa Australia, wa timu ile ile ya Le Court.

Katika nyumba nyingi za kwetu baisikeli ni ya baba, kisha ya kaka. Binti huruhusiwa kuipanda siku mashine ya kusaga ikiwa mbali na kaka hayupo. Nimesikia wazee wakisema baisikeli humharibia msichana heshima. Sijasikia wakisema debe la maji kichwani humharibia shingo.

Majirani zetu wa Rwanda walikwisha kuanza. Mwaka 2015 binti wao Jeanne d'Arc Girubuntu alishindana katika mbio za dunia huko Richmond, Marekani. Miaka kumi baadaye, Septemba 2025, mbio hizo zilikuja Afrika mara ya kwanza, mjini Kigali, kwenye milima na migomba kama ya kwetu. Le Court alikuwamo. Wanawake walikwenda kilomita 164, wakipanda mara kwa mara kilima cha Kimihurura chenye barabara ya mawe, na mshindi alikuwa Magdeleine Vallieres wa Kanada. Katika mashindano hayo wasichana wasiotimiza miaka 23 walipewa kwa mara ya kwanza mbio yao peke yao, na wa Rwanda walikuwa miongoni mwao, watu wa kwao wakiwapigia makofi kando ya njia.