Ituri: Sarafu kuukuu yenye kichwa cha mfalme si lazima iwe ya Roma

Mkulima wa Nyankunde, katika teritware ya Irumu, anaweza kukuta shambani kipande cha chuma kilichochakaa. Akikipangusa anaona kichwa cha mwanaume, taji la majani na herufi chache. Mara habari inaenea: ni sarafu ya Kaisari wa Roma, ina bei ya maelfu ya dola. Kabla ya kuuza au kununua kwa pupa, kuna mambo ya kuchunguza.

La kwanza ni mwaka. Warumi hawakuandika miaka kwa tarakimu tunazotumia leo. Ukisoma 1888 au 1923, basi si ya Roma. La pili ni umbo. Sarafu za Roma ziligongwa kwa nyundo, moja moja, kwa hiyo mara nyingi si duara kamili na picha imekaa pembeni. Ukingo wenye mistari midogo iliyolingana ni kazi ya mashine. La tatu ni herufi. Makaisari waliandika vifupisho kama IMP, CAES na AVG, wakitumia V mahali pa U.

Taji la majani ndilo linalodanganya wengi. Faranga moja ya Congo ya Wabelgiji, ya miaka ya 1920, ina kichwa cha mfalme Albert wa Kwanza akivaa taji la namna hiyo. Ukigeuza upande wa pili unaona mti wa mawese. Sarafu za feza za Leopold wa Pili, kuanzia 1887, zina kichwa chenye ndevu ndefu. Zile za shaba za wakati huo zina tundu katikati na nyota. Yenye tundu na pembe za ndovu ni senti ya Afrika Mashariki, iliyotumika ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda.

Herufi zikiwa zimefutika, weka karatasi nyepesi juu ya sarafu na kuisugua polepole kwa kalamu ya risasi, au iangalie chini ya mwanga wa tochi unaotoka ubavuni. Usiisugue kwa mchanga wala ndimu: utafuta herufi zilizobaki, na bei itashuka pamoja nazo. Hata sarafu ya kweli ya Roma, ikiwa ya shaba na imechakaa sana, mara nyingi huuzwa kwa dola chache tu, kwa sababu zimepatikana nyingi mno huko Ulaya.

Lakini bei si yote. Nyankunde iko karibu kilometa 45 kutoka Bunia. Mashambulizi ya Septemba 2002 yaliua mamia ya watu na kuwakimbiza wengine, nyumba ziliporwa. Kwa familia iliyopoteza picha na karatasi zake, faranga iliyobaki katika udongo wa kiwanja cha babu ni ushahidi kwamba watu wake waliishi, walifanya kazi na walilipwa hapo. Kabla ya kumpa mchuuzi wa kwanza anayepita, wazee wa nyumba waulizwe kwanza: huenda wao wanaikumbuka.